Mama Halo na Bei ya Nyanya

Ndugu, jamaa na majirani, familia inawaomba mtege masikio kidogo, mwelezwe maisha ya mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Halo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1953, kitinda mimba wa fundi cherehani, akasoma shule ya msingi hapa kijijini na sekondari ya wasichana mjini, na mwaka 1973 akaajiriwa posta kuwa opereta wa simu, akiunganisha watu asiowajua ila kwa sauti. Huko ndiko alikompata mumewe, fundi wa nyaya, wakafunga ndoa tarehe 6 Agosti 1977, wakajaliwa watoto watatu.

Simu za mkononi zilipoenea, mitambo ya zamani ilizimwa, naye akapunguzwa kazini mwaka 2001, akarudi kijijini na kinyongo chake, akiapa kwamba kidude kile hakitaingia nyumbani mwake. Lakini alipoona majirani wakimwaga nyanya, kwa kuwa madalali pekee ndio waliojua bei ya mjini na kuwapunja, uvumilivu ulimshinda, akanunua simu, akawa anapanda kilima cha nyuma ya shule kutafuta mtandao, anauliza bei sokoni, kisha anashuka kuwatangazia wakulima. Waliotaka kupiga wenyewe aliwafundisha, na waliopayuka aliwakemea: "Punguza sauti, baba, simu si kiziwi!"

Msimu mmoja lori aliloagiza halikufika, mazao yakaoza, watu wakamnunia hata kisimani, na mumewe akamsihi aachane na mambo hayo. Alilia, kisha akapanda basi hadi sokoni, akamkabili uso kwa uso mnunuzi aliyeahidi lori lile, kisha akatafuta wengine waliokubali kulipa kabla ya kupakia. Tulipoomba mnara wa simu mwaka 2009, wale wale waliomnunia ndio waliotangulia kutia saini.

Mumewe alifariki mwaka 2015. Mwaka jana moyo ulianza kumsumbua, mwaka huu akalazwa hospitali ya wilaya, akaaga dunia alfajiri ya tarehe 2 Juni 2023, akiacha watoto watatu na wajukuu saba.

Tunawashukuru madaktari, majirani mliokesha nasi, wakulima wa nyanya, wastaafu wenzake wa posta waliosafiri mbali, na kwa namna ya pekee muuguzi aliyemshikia mama simu, mikono ya mama ilipokosa nguvu, ili yeye na kitinda mimba wake aliye ughaibuni waonane, wacheke, waagane.

Nenda salama, mama yetu, upumzike kwa amani.