Mikono ya Makoti Arobaini

"Shangazi, ulifumua mikono ya makoti arobaini ya hospitali, na kazini una mwezi mmoja tu?" muuguzi kijana alimuuliza fundi cherehani aliyeketi naye. Kumpata mtu wa lugha yake basini, ugenini, ilikuwa bahati. Kumpata mkaidi namna hii ilikuwa sherehe.

"Wenzangu walipiga mshono mmoja badala ya miwili, eti wawahi. Nikafumua nishone upya. Leo msimamizi ananiita; huenda akanifukuza."

"Hukuogopa?"

"Niliogopa mpaka sindano ikanicheka, mwanangu. Lakini koti likichanika wodini, nani anaaibika?"

Muuguzi akainua mkono. Kwapani, koti lake jeupe lilikuwa wazi kama dirisha.

Basi likasimama mbele ya kiwanda cha nguo alikofanya kazi fundi. Kituo cha muuguzi kilikuwa bado mbele, lakini naye akashuka. "Twende, Shangazi. Hili kwapa nitamwonyesha msimamizi wako mimi mwenyewe."