Bibi Mwaija Akisema Basi

Tarehe 31 Desemba 1947 Bibi Mwaija Bilali anastaafu ukunga, baada ya miaka ishirini na minne katika wodi ya wazazi ya hospitali yetu hapa Mwanza. Namwandika nikiwa mhudumu mwenzake, na pia mmoja wa wazazi aliowazalisha, kwa hiyo msitarajie nisimpendelee.

Alianza kwa kufua mashuka, akajifunza ukunga, akaishia kuwafundisha wengine. Ukali wake unajulikana toka Kigongo hadi Magu. Bwana Akbarali, mwenye duka la vitambaa, alipoleta gramafoni wodini kumliwaza mkewe, alitolewa nje yeye na gramafoni yake. Baadaye Bibi alimruhusu aipige barazani, nasi tukamwona akitikisa kichwa kufuata wimbo.

Mimi, Mboni, nilipasuliwa kwa mtoto wangu wa kwanza kwa kuwa alilala kikingama tumboni. Mwaka 1943 nilikuwa na mimba ya pili. Daktari alieleza kuwa mtoto huyu amekaa vizuri, hivyo naweza kujaribu kuzaa kwa njia ya kawaida, lakini kovu likifumuka tungeweza kufa sote wawili. Mama mkwe alitaka nipasuliwe. Shangazi alitaka nikazalie nyumbani. Mume wangu Luhaga alikubaliana na kila aliyesema mwisho.

Bibi Mwaija aliwatoa wote, akafunga mlango.

“Wamekwisha kusema wote. Wewe mwenyewe unataka nini?”

Sikuwa nimeulizwa na mtu yeyote. Nikasema nataka kujaribu. Alikubali kwa masharti: mwezi wa mwisho nihamie karibu na hospitali, chumba cha upasuaji kiwe tayari, “na nikisema basi, ni basi.”

Uchungu ulipoanza aliweka kiganja juu ya kovu, asikiondoe hata chai ilipoletwa. Niliogopa sana. Binti yangu alizaliwa salama, na mwaka uliofuata Bibi akanitafutia kazi wodini.

Kwa mtoto wa tatu nilitaka vilevile. Safari hii uchungu ulipopamba moto, Bibi alisema basi. Nilibisha, nikalia, nikapelekwa kupasuliwa huku nimemnunia. Daktari alikuta kovu limeanza kuachia. Mvulana yule sasa anakimbia uani.

Wakunga aliowafundisha wote humuuliza mama kwanza, ndipo wawasikilize jamaa. Yeye mwenyewe, tangu kustaafu kwake kutangazwe, hufika hata siku zake za mapumziko, eti kutazama tu.

Bibi, ahsante kwa kuufunga mlango ule. Nenda Nyegezi kwenye mihogo yako, ulale bila kuamshwa na mtu, uishi kwa afya na furaha. Usibishe. Leo tumesema sisi basi, na ni basi.