Maisha ya Mama Bisibisi, Fundi wa Mashine za Kutolea Pesa

Ndugu, majirani, na ninyi mafundi mliokuja moja kwa moja kutoka kazini na mikoba yenu mabegani, familia inawasomea maisha ya mpendwa wetu, ambaye nyumbani aliitwa Mama, na kwingine kote Mama Bisibisi, jina alilolipenda kuliko lile la kwenye kitambulisho.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 11 Machi 1969, mtoto wa tatu kati ya saba wa baba karani wa stoo na mama mshonaji, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1977 hadi 1983, sekondari hadi 1987, kisha akapata cheti cha ufundi wa vifaa vya umeme mwaka 1990, akiwa msichana peke yake darasani, jambo ambalo alisema halikumsumbua hata kidogo, kwa kuwa alikulia na kaka wanne na kelele zao alishazizoea. Alitengeneza redio na pasi katika kibanda cha kaka yake mkubwa, na Jumamosi, tarehe 18 Desemba 1993, alifunga ndoa na mpiga chapa mmoja aliyekuwa ameleta redio ileile mara nne ingawa haikuwa na ubaya wowote, wakajaliwa watoto watatu, binti mwaka 1995, na watoto wa kiume mwaka 1998 na 2002.

Mwaka 2004 kiwanda cha uchapaji alikofanya kazi Baba kilifungwa, nyumba ikabaki inategemea kibanda cha redio, na redio zenyewe watu walikuwa wameanza kuzitupa badala ya kuzitengeneza. Mama akaona tangazo la kampuni inayohudumia mashine za kutolea pesa, iliyotaka vijana wasiozidi miaka thelathini, na yeye alikuwa na thelathini na mitano, akaenda hata hivyo, akarudishwa, akaenda tena, akarudishwa, na mara ya tatu msimamizi akampa roli iliyokwama, ile ya kuvuta noti, ili apate kumwondoa mlangoni. Mama aliketi kwenye ngazi za ofisi, akaifungua juu ya kitambaa chake cha kichwa, akairudisha ikizunguka, na tarehe 1 Septemba akaanza kazi kwa majaribio ya miezi mitatu. Jioni hakuna aliyeruhusiwa kula mezani, maana meza ilijaa springi na mikanda ya mpira, naye alikuwa akifungua na kufunga huku akitazama saa ya ukutani, mpaka akaweza kuifanya kazi ya dakika arobaini kwa dakika kumi na tano.

Hapa tunaomba mtuvumilie kidogo, maana sehemu hii hata sisi watoto tumeisikia juzi tu. Jumatatu, tarehe 22 Novemba 2004, Mama alitengeneza mashine ya tawi moja la benki, akaijaribu kwa karatasi nyeupe zilizokatwa kwa kipimo cha noti, kama mafundi wote wafanyavyo, na kwa haraka ya kuitwa kwingine akaziacha karatasi nane chini ya sanduku la noti, keshia akapanga fedha juu yake bila kuziona. Kesho yake mteja akatolewa noti mbili na karatasi tatu, meneja, ambaye hakuwa amewahi kuona karatasi za fundi, akaamini kwamba keshia amebadilisha fedha, akamsimamisha kazi, na habari zikasemwa mtaa mzima. Mama alizipata kwa mlinzi wa mlangoni siku ya Ijumaa, tarehe 26, zikiwa zimebaki siku nne tu aajiriwe, na hakuna mtu aliyemshuku. Aliomba daftari la mashine, akaandika kwa mkono wake kwamba karatasi ni zake, kazisahau yeye, na keshia hana kosa, kisha akampelekea msimamizi wake habari hizo mwenyewe, kabla benki haijampigia simu.

Keshia alirudishwa kazini, na Mama akaongezewa miezi sita ya majaribio, akibeba mikoba ya vijana waliomkuta kazini. Nyumbani alisema tu kwamba amerudishwa nyuma, na sisi tukamcheka, tukamwita mwanafunzi aliyerudia darasa, naye akacheka pamoja nasi. Baba amekiri leo asubuhi kwamba alijua yote, na kwamba aliambiwa afunge mdomo, akaufunga, jambo ambalo si kawaida yake.

Aliajiriwa rasmi tarehe 1 Juni 2005, na tangu hapo hakufunga mashine yoyote kabla ya kuhesabu karatasi zake kwa sauti mbele ya keshia, zinapoingia na zinapotoka, na mafundi waliofundishwa naye wanafanya hivyo mpaka leo.

Moyo ulianza kumsumbua Machi 2023, akaendelea na kazi hadi Desemba 2024, akalazwa tarehe 9 Januari 2025, na kufariki Jumatatu, tarehe 3 Februari, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, waliomvumilia alipokuwa akikagua nyaya za vifaa vyao, majirani waliopika na kufua bila kuombwa, na wafanyakazi wenzake waliogawana zamu zake. Tunamshukuru na keshia yule, aliyekuja hospitali kila Jumapili, na ambaye Jumatatu jioni alitusimulia haya yote akidhani tunayajua. Mtoto wa kwanza wa Mama, anayewasomea maneno haya, ndiye aliyeanzisha utani ule wa kurudia darasa, akauendeleza miaka ishirini, hata wodini, na sasa anaomba radhi mbele yenu kwa kuwa Mama mwenyewe hawezi tena kumsikia.

Kazi umeimaliza, Mama, pumzika kwa amani.