Aliyeiwasha Injini

Marehemu, ambaye mabaharia walimwita Chifu Spana, alizaliwa tarehe 9 Machi 1948 katika chumba cha nyuma ya karakana ya baba yake. Dada yake mkubwa, aliyempokea, anasema alitoka amekunja ngumi, akaukazia macho hata mto uliolala karibu na mama. Wivu alizaliwa nao.

Alisoma miaka minane, kisha chuo cha ufundi. Aliposhika nafasi ya pili darasani aligoma kula siku tatu; dada yake anasema saba, na hakuna wa kumbishia.

Mwaka 1969 aliingia melini kama kibarua wa kupaka grisi, na 1987 akawa chifu injinia. Mwaka 1975 alimuoa fundi cherehani. Wateja wa kiume wa mkewe aliwapima yeye mwenyewe, suruali zikatoka fupi zote.

Tarehe 14 Juni 1996, katikati ya dhoruba, injini ilizima, meli ikayageuzia mawimbi ubavu. Injinia wa pili, ambaye wenzake humwita Taratibu, alisema, "Chifu, ni chujio la mafuta. Tangi limetikisika, uchafu umepanda."

"Nani kakuuliza? Kalinde pampu!"

Marehemu alihangaika peke yake, spana ikamteleza mara mbili. Alipoinua uso, mafundi wote watano walikuwa wanamtazama Taratibu. Hilo lilimchoma kuliko mvuke. Lakini maji yalishapita vifundo vya miguu.

"Haya, shika wewe. Tuone."

Chifu mzima akamshikia tochi. Chujio likasafishwa, injini ikakohoa, ikawaka. Simu ya nahodha ikalia: "Nani kaiwasha?"

"Nani mwingine?" alijibu marehemu. Akasifiwa miaka kumi na minane.

Figo zilimlaza mwaka 2014. Kila Ijumaa Taratibu alikuja kumnyoa ndevu. Mwishoni marehemu alimwambia dada yake, "Siku ya kunizika yasomwe mbele za watu: aliyeiwasha ni yeye. Mimi nilishika tochi."

"Si umwambie mwenyewe? Yupo hapo nje."

"Aringe huku namwona? Ngoja nife kwanza, dada."

Alifariki tarehe 2 Februari 2015.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watano, dada yake, na Taratibu, ambaye kuanzia leo ana ruksa ya kuringa.

Chifu, tumesema. Sasa pumzika kwa amani.