Kilomita Elfu Nane na Mia Saba: Maisha ya Bi Kudra Haidari

Leo, Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025, baada ya sala ya Alfajiri, watu wanne walikuwa chumbani hapa Kibiti Bi Kudra Haidari alipokata roho: mumewe, watoto wake wawili, na kaka yake Haruni, anayesoma maneno haya.

Marehemu alizaliwa Ruaruke, tarehe 3 Machi 1959. Alisoma hapo hapo mpaka darasa la saba, na Kurani alihitimu kabla ya kaka zake.

Mwaka 1979 aliolewa na Bwana Saadi Mudathiri wa Chumbi, wakalima mpunga kwa miaka thelathini na minne, kisha wakahamia Kibiti.

Kitinda mimba wao, Muzdalifa, alikwenda Guangzhou, China, mwaka 2016, kushughulikia mizigo ya wafanyabiashara. Marehemu alipoambiwa kuwa kutoka Dar es Salaam ni kilomita elfu nane na mia saba, alisema hesabu hiyo haimfai. Alimuuliza binti yake angekula mara ngapi njiani. Alipojibiwa kuwa ni mara tatu, akamfungia mikate ya kumimina mafungu matatu. "Basi si mbali," akasema. "Chumbi wakati wa mafuriko tulikuwa tunakula mara nne hatujafika shamba."

Mwezi Agosti mwaka huu alishikwa na maradhi ya moyo, akatibiwa Utete. Alikataza Muzdalifa asiambiwe. "Mkimwambia atalia huko juu ndegeni," alisema, "na huko hakuna pa kushukia." Familia ilitii. Ilijipa moyo kwamba mwendo wote ni saa kumi na moja za kuruka, hivyo akiitwa leo, kesho yupo. Hakuna aliyehesabu kutafuta nafasi, wala kushinda kwenye kiwanja cha njiani kungoja ndege ya pili.

Muzdalifa aliitwa Jumapili, hali ya mama yake ilipobadilika. Leo asubuhi alipiga simu akiwa kiwanja hicho cha njiani, akapewa habari. Alimwomba mjomba wake maiti ingojwe, kwa kuwa atatua Dar es Salaam saa mbili usiku. Baba yake akaipokea simu.

"Mwanangu, mama yako ameusia asingojwe mtu. Tunamzika baada ya Alasiri."



"Haya, Baba. Basi niombee radhi mbele yake, kabla hamjamfunika uso."

Bwana Saadi aliinama akamwombea binti yake radhi, kwa jina lake kamili, sanda ikiwa bado wazi. Baada ya hapo ndipo ilipofungwa.

Mola ampanulie Bi Kudra kaburi lake, na ampokee kwa rehema.

Ameacha mume, kaka mmoja, wajukuu sita na watoto watatu. Ismaily na Nasra wapo nasi hapa. Muzdalifa yuko angani.