Kabla Zaidi Hajapanda Juu ya Mzigo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Baba yetu Mzee Abdulswamadu, Mwenyekiti wa Ushirika wetu wa Wasafirishaji. Waheshimiwa wajumbe wa Bodi. Viongozi wa dini mliotufungulia kwa dua na sala. Ndugu madereva, mautingo na wapakiaji wa yadi hii. Ndugu wageni waalikwa, mabibi na mabwana. Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Wenyeji wetu wa Dodoma, mbukwenyi. Na wazee wangu wote, popote mlipoketi, shikamooni.

Kwa wasionijua, mimi ni Salwa Abdulrazaki, fundi maturubai wa Makole. Matrela kumi mnayoyaona mbele yenu yametoka kiwandani yakiwa na sakafu tupu, hayana ubavu wala paa, na maturubai kumi ya kufunikia mizigo yake nimeyashona mimi. Ratiba inasema nitoe neno la shukrani kwa niaba ya mafundi, dakika tano. Baada yangu ni kipengele cha tisa: Zaidi na mwenzake watapanda juu ya magunia yale ya alizeti, watalifunika trela la kwanza mbele ya Mgeni Rasmi, kisha utepe utakatwa. Zaidi ni yule pale mwenye kizibao cha njano, amesimama kando ya ngazi. Nyoosha mkono, Zaidi, wageni wakuone. Asante, baba.

Ndugu Geofrey, mshereheshaji wetu, nakuomba radhi mapema. Dakika tano hazitanitosha, na hizo shukrani zenyewe nitazichelewesha kidogo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naona umekishika kitambaa cha meza ili maji yasikumwagikie. Naona mgambo wanne wamekumbatia milingoti ya hema hili tangu tulipoketi. Katibu wetu alipokuwa akisoma risala, ukurasa wa pili uliruka ukaenda kuangukia kwenye sufuria za akina mama, na sote tukacheka. Mtu aliyetoka mbali atadhani ametujia siku mbaya. Hapana. Hii ni saa tisa alasiri ya mwezi wa nane, Dodoma. Kesho saa hizi itakuwa hivihivi.

Sasa niwaeleze jinsi tulivyoyachagua matrela haya, maana nilikuwamo kwenye kamati, na sitaki mtu aseme nimesimuliwa. Mezani kwetu kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni hii: trela tambarare, na turubai moja kubwa la kutupia juu ya mzigo, likafungwa kwa kamba. Ya pili ni trela hilohilo likiwekewa matao ya chuma yanayoteleza kwenye reli za pembeni, turubai limefungwa juu ya matao. Hilo dereva analivuta akiwa amesimama chini, kwa viatu vyake na heshima zake, na mzigo unafunikwa kabla chai haijapoa. Hapandi mtu.

Kwa nini hatukuchukua la pili? Tulikuwa na sababu, tena si za kijinga. Matao yana uzito, kwa hiyo kila safari tungepakia magunia machache kidogo. Mpakiaji asiye makini huyagonga yakapinda. Na mashine ndefu haziingii chini yake. Haya yote ni kweli, na wajumbe waliyasema kwa nia njema. Lakini kilichotumalizia ubishi hakikuwa sababu hizo. Kilikuwa ni yale majaribio.

Mnayakumbuka majaribio, waheshimiwa wajumbe? Yalifanyika hapahapa yadini, saa mbili asubuhi, kwa sababu wengi wetu tulitaka kuwahi ofisini. Turubai likatupwa, likatulia juu ya mzigo kama shuka kitandani. Hakuna jani lililotikisika. Tukapiga makofi, tukasaini, tukanywa supu. Nawauliza leo, na naomba mjiulize wenyewe kimoyomoyo: ni nani katika nchi hii anayefunika mzigo saa mbili asubuhi? Saa mbili ndiyo kwanza gunia la kwanza linapanda! Wapakiaji hawa wanabeba mpaka saa saba, saa nane, ndipo mzigo unakamilika, ndipo utingo anaitwa apande afunike. Yaani anapanda saa ileile upepo unapokuwa mkali kuliko saa zote. Sisi watu wa Dodoma, tuliozaliwa ndani ya upepo huu, tulikwenda kulijaribu turubai wakati upepo umelala.

Mimi nililijua hilo asubuhi ileile. Sisemi nililijua baadaye. Baba yangu alinifundisha kushona maturubai nikiwa na miaka kumi na miwili, na najua turubai la kilo themanini linavyofanya likishika upepo mita nne juu ya ardhi, na mtu amelishika pembeni. Nililijua, nikanyamaza. Kwa nini? Kwa sababu yale ya matao huja yameshonwa kiwandani, na haya makubwa yangekuja kwangu. Maturubai kumi, kazi ya miezi minne, mabinti sita karakanani wakinitazama mimi. Mkono wangu ulinyooshwa juu pamoja na mingine, na nadhani wangu ndio uliotangulia.

Lameck mnamfahamu, ninyi wa yadi. Utingo wa miaka kumi na tisa, baba wa watoto wanne, mtu anayekagua fundo hata lililofungwa na mwingine. Mwezi wa sita alipelekwa Bahi kuchukua mpunga, kwa trela lililotangulia kufika kati ya haya, na turubai la kwanza kati ya haya. Saa nane na nusu mchana alipanda kufunika. Upepo ukaingia chini ya turubai, nalo likamwinua. Sisemi likamsukuma, nasema likamwinua, kwa maana hakuliachia. Aliogopa likiachiwa litaupiga uso wa dereva aliyekuwa chini. Aliangukia nyonga. Tangu siku ile hajatembea bila kushikwa.

Kamati ikakaa tena. Tukamwandikia Lameck barua ya ukurasa mmoja, na chanzo cha ajali tukakiandika kwa neno moja: uzembe. Hilo neno lina saini tano, na ya tatu ni yangu.

Wiki iliyopita nilikwenda kumwona nyumbani kwake Ipagala. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba radhi, nimeyarudia njia nzima. Nilipoingia tu, kabla sijakaa, Lameck akatabasamu akaniambia, "Dada Salwa, wewe fundi. Lile turubai limenirusha, lakini mshono haukuachia hata uzi mmoja." Nilikwenda kuomba radhi, nikasifiwa mshono! Mkewe, Paskazia, alinisindikiza mpaka mlangoni. Ndipo akaniuliza, "Dada, ile barua inayosema uzembe, inafutika au ndiyo basi? Maana watoto wamekwisha kuisoma." Nikaaga, nikaondoka. Nililia mpaka Makole, na sioni haya kuwaambia.

Basi nina maombi yangu, Mheshimiwa, nayasema wazi ili Katibu ayaandike. Katika matrela haya kumi, sita ni ya kubeba magunia. Hayo sita yawekewe matao na maturubai ya kuvuta, yale ya kiwandani, ambayo mkono wangu hautayagusa. Manne ya nondo na mabomba yabaki wazi, ila turubai la kila moja nitalikata vipande vitatu, kila kipande kiwe na kamba zake za kuvutia, watu wawili wakiwa chini, huyu ubavu huu na yule ubavu ule. Nitakata kazi yangu mwenyewe kwa mkasi wangu mwenyewe. Na ile barua ya Lameck iandikwe upya, ieleze saa, ieleze upepo, ieleze na kamati iliyojaribu asubuhi. Nitakuwa wa kwanza kuisaini.

Samahani, Geofrey, unampa nani ishara hiyo? Mimi sijaketi. Naelewa muda umekwenda, naelewa Mheshimiwa ana safari, lakini sijaketi.

Zaidi! Zaidi, ngoja. Usiendelee kupanda. Simama hapohapo ulipo, shika ngazi kwa mikono miwili. Ninyi mlio karibu na lile trela, acheni kulifungua turubai. Liacheni limekunjwa. Hamwoni ncha yake inavyopigapiga?

Zaidi, najua unachokitazama. Unamtazama Mwenyekiti, unanitazama mimi, unapima ni nani kati yetu anayeweza kukuachisha kazi. Ni yeye, mimi siwezi hata kukutetea. Una mke mjamzito na kibarua ulichokipata juzi, na mbele yako kuna kamera na watu mia mbili wanaokusubiri upande. Hata mimi ningekuwa wewe, ningepanda. Lameck naye alipanda kwa sababu dereva alikuwa amekwisha kuwasha gari.

Mzee Abdulswamadu, Baba yangu. Wewe ndiye uliyembebea baba yangu cherehani yake ya kwanza ulipoitoa stesheni. Umenifahamu nikiwa nakusanya mabaki ya turubai chini ya meza yake. Nikikuvunjia heshima leo mbele ya wageni wako, sitapata usingizi, na wewe unalijua hilo. Lakini nakuuliza, Baba, kwa sababu hapa hakuna mwingine wa kumuuliza. Katika kuchagua matrela haya tuliwauliza wenye viwanda. Tuliwauliza wenye mizigo. Tuliwauliza watu wa bima, na benki tukawauliza mara tatu. Ipo siku hata moja tuliyomuuliza anayepanda?

Ndiyo, nakuona umeinuka. Wajumbe, tafadhali, msimvute kanzu, mwachieni apite. Kama ni kuninyang'anya kipaza sauti nitakitoa mwenyewe, Baba, kwa mikono miwili, huna haja ya kusema neno.

Haji kwangu. Ndugu wageni, mlio nyuma, Mwenyekiti haji huku kwangu, anakwenda kwenye trela. Sijui anakwenda kumwambia nini Zaidi. Kwa kweli sijui. Naomba mniruhusu nisogee karibu nisikie.

Hamkusikia, maana upepo umeichukua sauti yake. Nitawaambia mimi, niko karibu. Ameishika ngazi kwa mikono yake yote miwili, mzee wa miaka sabini na sita, kanzu inampiga usoni, na amesema, "Shuka taratibu, mwanangu, nimekushikia."

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wazee wangu, ndugu zangu wote, shukrani nilizotumwa kuwapa ni hizi. Nawashukuru kwa kunivumilia mpaka Zaidi amekanyaga chini.