Mama Subiri na Barua Isiyotoka Kwenye Faili

Miaka thelathini na mmoja, miezi minne na siku kumi na moja: huo ndio utumishi wa fundi wetu wa kompyuta, anayestaafu leo Ijumaa, tarehe 30 Juni. Aliingia ofisini akiwa mpiga chapa. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, wakubwa waliifunika kitambaa isipate vumbi. Yeye akaifunua, akasoma kitabu cha maelekezo saa za chakula cha mchana, na tangu hapo kila kilichogoma mezani kwa mtu kikawa chake.

Jina la Mama Subiri tulimpa sisi. Ukitaka tu kuchomeka flashi, sauti ilikufikia kutoka chumba cha pili: "Subiri kwanza!" Flashi zote zilipitia kopo lake la biskuti, zikapimwa kwenye kompyuta kuukuu isiyounganishwa na mtandao, ndipo zikarudi kwa wenyewe. Wahasibu walinuna. Dereva alidai hata kwenye uwanja wa ndege mtu hapekuliwi hivyo.

Sasa tuseme ukweli, maana siku ya kuagana isigeuke ya kuvishana vilemba vya ukoka.

Miaka sita iliyopita ofisi ilitakiwa kuchagua programu ya kuzuia virusi kwa kompyuta zake arobaini. Mama Subiri alijaribu programu tano kwa wiki tatu, zote kwenye kompyuta ya masjala, ile ambayo ukiiwasha unamaliza chai ndipo inaamka. Alisema itakayofanya kazi humo itafanya kazi popote. Akaandika ripoti ya kurasa tano: ipi inakamata, ipi inalala, ipi inaachia flashi zipite. Kamati, ambayo hakuna mjumbe wake aliyewahi kubadilisha hata wino wa printa, ikachagua ile aliyoiweka mwisho kabisa. Sababu? Haikuwa na kelele za tahadhari.

"Mama, hii imetulia, haisumbui watu," mwenyekiti wa kamati alimwambia.

"Hata mlinzi aliyelala hasumbui watu, bosi," akajibu.

Miezi miwili baadaye, mwenyekiti huyohuyo alikuja na flashi yenye picha za harusi ya binti yake. Kopo la biskuti akalipita kama hakuliona. Kabla ya saa sita mchana mafaili yote ya ofisi yalikuwa yamefungwa na kirusi, hakuna linalofunguka. Tuliandika kwa mkono siku tatu. Na aliyetuokoa ni nani? Kila Ijumaa, bila kuagizwa na mtu, Mama Subiri alikuwa akinakili kazi zetu kwenye diski anayoifungia kabatini. Siku ya nne kila kitu kilirudi, isipokuwa picha za harusi.

Shukrani yake ikawa barua ya onyo: uzembe katika ulinzi wa mtandao. Aliyeitia saini ni nani, msomaji ameshajua. Barua hiyo imemkosesha cheo mara mbili, na fundi ambaye Mama Subiri mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika bisibisi leo ndiye mkuu wake. Alipoulizwa anataka zawadi gani ya kuagwa, hakutaja saa ya ukutani (ambayo atapewa hata hivyo). Aliomba barua itolewe kwenye faili lake, aende nyumbani na jina safi. Akajibiwa kwamba, kwa utaratibu, karatasi ikishaingia kwenye faili haitoki.

Vyema. Sisi wa masjala tunauheshimu utaratibu, na haukatazi karatasi kuingia. Jana ripoti ya kurasa tano iliingia kwenye faili hilo, ikakaa juu ya barua; kuanzia sasa anayeitaka barua ataanza na ripoti. Ukurasa wa mwisho una maneno ya mwenyekiti kwa kalamu ya kijani: "Nimesoma. Huyu mama anatia chumvi." Saini yake, tarehe yake. Nayo, kwa utaratibu, haitoki.

Asante, Mama. Leo mchana utanakili kazi zetu kwa mara ya mwisho. Kopo la biskuti tutalitunza. Maisha mema yanakungoja nyumbani. Safari hii, usisubiri.